Mvuke Unaingia, Mafuta Hayatoki: Utatuzi wa Matatizo ya Visima vya Mafuta Mazito

Mafuta ghafi yenye chini ya nyuzi 22 hivi za API, kipimo cha wepesi wa mafuta ambacho namba ndogo humaanisha mafuta mazito zaidi, huitwa mazito. Yakishuka chini ya 10, huzama majini. Lami ya Athabasca huko Alberta, Kanada, ikiwa katika baridi ya ardhi yake ina mnato unaopita sentipoizi (kipimo cha mnato) milioni moja. Ukiipasha hadi nyuzi 200 na zaidi za Selsiasi, mnato huo huporomoka hadi sentipoizi 10 hivi, na lami inatiririka. Ndiyo sababu Kern River kule California, Duri kisiwani Sumatra, Cold Lake ya Alberta na Mukhaizna katikati ya Oman zote hutumia mvuke, ingawa mitindo inatofautiana.

Mitindo mikubwa ni mitatu. Wa kwanza ni wa zamu: kisima kimoja kinapewa mvuke, kinafungwa kipumzike ili joto lienee, kisha kinafunguliwa kitoe mafuta. Njia hii iligunduliwa kwa bahati huko Mene Grande, Venezuela, mwaka 1959. Wa pili, visima vingine vinasukuma mvuke na vingine vinatoa. Wa tatu ni jozi ya visima vilivyolazwa, cha juu kikiingiza mvuke na cha chini, kama mita 5 chini yake, kikikusanya mafuta yanayodondoka. Matatizo yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi tena na tena katika mitindo yote mitatu, na nimeyapanga kwa dalili anayoiona opereta wa zamu.

Katika kila dalili, swali la kwanza ni joto limekwenda wapi. Nimeona mvuke ukiongezwa wiki baada ya wiki kwenye visima ambavyo havikupungukiwa mvuke hata kidogo. Joto lilikuwa linaishia mahali pasipo na mafuta. Gesi ya kuchemshia maji ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika kazi hii. Kwa hiyo tafuta kwanza, ongeza baadaye.

Kabla ya kugusa chochote

Mvuke ukikutana na mafuta yenye salfa huzalisha salfidi ya hidrojeni, H2S, hata kwenye kisima ambacho hakikuwa nayo kabla ya kupashwa. Vaa kigunduzi cha gesi kila unapokaribia kisima. Kikilia kwa sehemu 10 kwa milioni, ondoka ukielekea upande upepo unakotoka. Usitegemee pua: ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni, uwezo wa kunusa hufa na mtu hudhani hewa imesafika. Kumbuka pia kwamba geji ikisoma baa 40 kwenye bomba la mvuke, ndani kuna nyuzi 250. Uvujaji mdogo wa mvuke mkavu hauonekani kwa macho karibu na tundu. Wingu jeupe unaloliona mbele ni mvuke ambao tayari umepoa. Usipapase kwa mkono kutafuta tundu.

Dalili: mvuke ni uleule, mafuta yanapungua

Hapa kipimo cha kutazama ni uwiano wa mvuke na mafuta, yaani mapipa ya maji yaliyogeuzwa mvuke kwa kila pipa la mafuta lililopatikana. Mradi mzuri wa visima vilivyolazwa hukaa kati ya 2 na 4. Ukiona uwiano unapanda, usihukumu kwa namba ya siku moja; tazama mwelekeo wake, kisha fuata mpangilio huu.

Chanzo kinachojitokeza mara nyingi zaidi ni kipimo chenyewe. Vali ya kituo cha majaribio haifungi sawasawa, basi mafuta ya kisima kimoja yanahesabiwa kwa jirani yake. Au sahani ya kupimia mtiririko wa mvuke imelika kingo. Rudia jaribio la kisima, hakikisha kila vali ya kisima kingine imefunga kweli, na linganisha jumla ya visima vyote na kiasi kilichoingia tangini. Kazi hii haimalizi zamu moja, na mara nyingi tatizo huishia hapo.

Chanzo cha pili ni mvuke uliolowa, nao huwahadaa hata wazoefu. Boila za uwanjani hupitisha maji mara moja tu na kutoa mvuke wenye ukavu wa asilimia 75 hadi 80. Sehemu inayobaki huachwa maji makusudi, ili yabebe chumvi zisigande kwenye mabomba ya boila. Mvuke huo ukisafiri kwenye bomba lililovuliwa ganda lake la kuzuia joto, sehemu yake hugeuka maji, lakini joto na shinikizo kwenye geji havibadiliki kwa kiasi cha kukushtua. Kwa shinikizo lilelile, mvuke wa ukavu wa asilimia 80 na wa asilimia 30 una nyuzi zilezile za joto. Kilichopotea ni ile nguvu kubwa iliyojificha katika kugeuka kwake kuwa mvuke, nayo ndiyo inayopasha mwamba.

Njia nyepesi ya kukagua ni kupima kloridi. Chukua sampuli ya maji yanayoingia boilani na sampuli ya maji yaliyotenganishwa na mvuke. Chumvi hubaki kwenye maji, haiendi na mvuke. Kloridi ikiwa miligramu 100 kwa lita kwenye maji ya kuingia na 500 kwenye maji yaliyotenganishwa, maana yake maji yamebaki sehemu moja kwa tano na ukavu ni asilimia 80. Sampuli ipozwe ndani ya koili kabla ya kufunguliwa, na achukue mtu aliyefundishwa. Baadaye tembea na bomba lote ukitazama ganda lililopasuka, viegemeo vilivyo wazi, na maungio ya T. Kwenye T maji na mvuke havigawanyiki sawa: kisima kimoja kinaweza kupata mvuke mwingi na jirani yake akapewa maji ya moto, ilhali mita zote zinaonyesha kiasi kilekile. Ukiona visima vya tawi moja vyote ni wavivu, shuku T kabla ya kushuku mwamba.

Cha tatu, joto linapotea ndani ya kisima kabla ya kufika chini. Pima shinikizo na joto la nafasi iliyo kati ya tyubingi (bomba la ndani la kisima) na kesingi (bomba la nje lililoshikwa na saruji). Nafasi hiyo ikijaa maji, au pakeri, yaani kizibo chake cha chini, ikivuja, kesingi inapashwa bure. Kadiri kisima kilivyo kirefu ndivyo hasara inavyokua, ndiyo maana mvuke hautumiki kwa faida kwenye matabaka ya kina kirefu bila tyubingi maalumu zenye ukuta mbili na ombwe katikati.

Cha nne, mvuke unapanda. Mvuke ni mwepesi kuliko mafuta, hivyo hukimbilia juu ya tabaka na kuacha mafuta baridi chini. Kipimo cha joto kwenye kisima cha uangalizi kitakuonyesha: juu moto, chini baridi, na mpaka kati yao mkali. Hapa kuongeza mvuke ni kupasha mwamba wa juu usio na mafuta. Dawa ni kupunguza kiasi, kuhamisha matundu ya kuingizia yawe chini zaidi, au kuchanganya dawa ya povu inayoziba njia ya juu. Uwanja uliokomaa huhitaji mvuke mdogo kuliko uwanja mchanga, kwa kuwa mwamba tayari umeshiba joto. Meneja akikataa kupunguza, mpe grafu ya joto la kisima cha uangalizi na uwiano wa mvuke na mafuta kwenye karatasi moja.

Kwa visima vya zamu kuna chanzo cha tano ambacho si hitilafu: kila mzunguko hutoa pungufu ya uliotangulia. Ikifika hapo, suala la kugeuza uwanja kuwa wa kusukuma mvuke kati ya kisima na kisima ni la mhandisi wa hifadhi ya mafuta. Hata kutoboa matundu mapya au kuyaziba kwa saruji kusifanyike bila yeye.

Dalili: kisima cha kutoa kimepanda joto ghafla, pampu inagonga

Wengi husema papo hapo kwamba mvuke umepenya kutoka kwenye kisima cha kuingizia. Huenda ni kweli, lakini anza na lililo jepesi.

Maji ya moto yakiwa karibu na kiwango chake cha kuchemka, yakiingia mdomoni mwa pampu ambako shinikizo ni dogo, hugeuka mvuke humohumo. Pampu inajaa mvuke badala ya kimiminika. Jaribu kubana kidogo vali ya kutolea gesi ya kesingi ili shinikizo lipande, ukiwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa cha kichwa cha kisima. Pampu ikirudi kujaa, mvuke haukupenya kutoka kwa jirani. Unachohitaji ni kuendesha pampu kwa shinikizo kubwa zaidi mdomoni, au kuishusha chini zaidi.

Kwenye jozi ya visima vilivyolazwa, chanzo cha kawaida ni kuvuta haraka mno. Juu ya kisima cha chini linapaswa kubaki bwawa la mafuta na maji linalozuia mvuke usipite. Tofauti ya joto kati ya kimiminika kinachoingia kisimani na kiwango cha kuchemka kwa shinikizo lile ndiyo inayokuambia kama bwawa lipo. Ikikaribia sifuri, punguza mwendo wa pampu mara moja na ungoje. Ikiwa kubwa kupita kiasi, bwawa limekuwa refu na mafuta yanapoa, nayo ni hasara ya upande wa pili. Viwanja hutofautiana, lakini wengi hulenga mahali fulani kati ya nyuzi 5 na 40.

Kama hayo mawili siyo, basi pengine ipo njia ya mkato: ufa, au tabaka lenye mapito makubwa. Kwa idhini ya msimamizi, funga kisima kimoja cha kuingizia kinachoshukiwa, tazama joto la kisima cha kutoa kwa siku kadhaa, kisha kifungue. Usifunge viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi. Marekebisho huanza na kupunguza mvuke upande huo, kisha povu au jeli, na mwisho kabisa saruji.

Simama na uite wataalamu pale mvuke unapokuja na mchanga. Chujio la chini likitobolewa na mkondo mkali wa mvuke, mchanga unaotoka kwa kasi hiyo hukata chuma cha viwiko vya mabomba na vali huku juu. Funga kwa utaratibu wa dharura wa uwanja wako, wala usisimame mbele ya kiwiko kukagua.

Dalili: vijiti vya pampu havishuki

Kwenye pampu ya kichwa cha punda, vijiti, yaani vyuma virefu vinavyounganisha mashine ya juu na pampu iliyo chini ya kisima, hushuka kwa uzito wake vyenyewe. Mafuta yakiwa mazito kama samli ya asubuhi ya baridi, huvishika njiani. Mashine inashuka, vijiti vinabaki, halafu mashine inavigonga inapopanda. Ukiona kishikio kinaachana na upau wa kubebea vijiti hata kwa sentimita chache, zima. Mgongano huo ukirudiwa huvunja vijiti.

Mara nyingi kisima kimepoa tu, mzunguko wake wa mvuke umefika mwisho. Linganisha joto la kichwa cha kisima na la wiki zilizopita. Kama bado kuna mafuta ya kuchukua, punguza idadi ya mapigo kwa dakika na urefushe pigo, au teremsha mafuta mepesi kupitia nafasi ya kesingi yalainishe. Kama joto halijashuka, shuku mchanganyiko sugu wa maji na mafuta, ambao mnato wake unaweza kupita wa mafuta yenyewe mara kadhaa; dawa ya kutenganisha ikishushwa kisimani husaidia. Mchanga ndani ya pampu uwe wa mwisho kufikiriwa, na kadi ya dainamomita, yaani mchoro wa mzigo wa vijiti, itakuonyesha.

Pampu za skrubu zinazopendwa kwenye mafuta baridi yenye mchanga, kama huko Lloydminster mpakani mwa Alberta na Saskatchewan, zina hatari yake. Mpira wa ndani haustahimili joto la mvuke, basi pampu ing'olewe kabla ya kisima kupashwa. Na mota ikizimika, vijiti vilivyojisokota hujifungua kwa kasi ya kutisha. Breki ya kuzuia mzunguko wa kinyume ikiwa na hitilafu, hakuna mtu wa kusogea kichwani mwa kisima. Hii ni kazi ya fundi wa kampuni ya pampu.

Dalili: maji na mafuta hayatengani tangini

Anza na joto la chombo cha kutenganishia, maana mafuta mazito na maji vina uzito unaokaribiana mno na vikipoa havina sababu ya kuachana. Kisha kagua pampu ya dawa: inafanya kazi kweli, au pipa limekauka? Halafu uliza kama kuna kisima kipya kilichofunguliwa au dawa ya povu iliyotumika juzi. Jaribio la chupa, kwa dozi tofauti katika joto la chombo, ndilo la kuamua. Usiongeze dawa kwa kubahatisha: ikizidi huimarisha kile ilichotakiwa kuvunja. Mafuta yaliyo karibu na API 10 hayatatengana vizuri kwa dawa peke yake. Yanahitaji kuchanganywa na nafta au mafuta mepesi ili uzito upungue.

Tatizo hili halibaki tangini. Maji haya ndiyo yanayosafishwa na kurudishwa boilani. Mafuta yakipenya huungua na kuwa masizi magumu ndani ya bomba. Silika na ugumu wa maji hujenga gamba. Bomba lenye gamba hupata joto kupita kiasi na kupasuka. Ukiona doa jekundu au uvimbe kwenye bomba ndani ya tanuru, zima boila, ita mkaguzi wa mitungi ya shinikizo, na usiiwashe tena kwa sababu tu kisima kinangoja mvuke.

Dalili: maji yamezidi kwenye uwanja wa polima

Si kila mafuta mazito yanataka mvuke. Mafuta ya Marmul, kusini mwa Oman, yana mnato wa kiasi unaofaa maji yaliyonenepeshwa kwa polima yanayoyasukuma mafuta bila kuyapita. Maji yakianza kuzidi, pima kwanza mnato wa mchanganyiko kwenye kichwa cha kisima, si kwenye tangi la kuchanganyia tu. Vali iliyobanwa sana hukatakata polima, na oksijeni ikikutana na chuma majini huiharibu kimyakimya. Mnato ukiwa mzuri mpaka kisimani, mrudishie mhandisi wa hifadhi suala hilo.

Dalili: shinikizo la kuingizia limebadilika

Likipanda polepole, matundu yanaziba: gamba, mchanga, mafuta baridi yaliyorudi, au udongo wa mfinyanzi uliovimba kwa sababu mvuke ukipoa ni maji yasiyo na chumvi. Kusafisha kwa asidi au kwa kiyeyusho kupangwe na mkemia, kwani asidi isiyofaa huongeza uzibaji.

Likishuka ghafla huku mvuke ukiingia kwa wingi kuliko kawaida, funga kisima. Hakuna cha kujaribu kwanza. Ama kesingi imekatika, ama mwamba umepasuka.

Dalili: mvuke unatoka ardhini, au ardhi imetitia

Tarehe 18 Mei 2006 huko Joslyn Creek, Alberta, mvuke ulipasua tabaka la mwamba lililopaswa kuuzuia chini, ukachimba shimo kubwa juu ya ardhi na kurusha mawe umbali wa mamia ya mita. Mwezi Juni 2011, kwenye uwanja wa Midway-Sunset, California, mfanyakazi aliyekwenda kukagua mvuke uliokuwa ukifuka karibu na kisima alidumbukia ardhi ilipokatika chini ya miguu yake, akafa. Alikuwa akifanya kile ambacho opereta yeyote mwenye bidii angefanya: kusogea aone.

Kwa hiyo hapa usisogee. Simamisha uingizaji wa mvuke kwenye visima vyote vya eneo hilo kutoka chumba cha kuongozea, ondoa watu, zuia njia, toa taarifa. Ukaguzi ufanywe kwa droni au kwa kamera ya joto kutoka mbali. Ardhi juu ya uvujaji inaweza kuonekana ngumu na kavu ilhali chini yake ni uji wa moto.

Kichwa cha kisima kupanda ni jambo jingine, na kwa kiasi fulani ni la kawaida. Tyubingi ya mita 600 iliyo huru, ikipanda joto kwa nyuzi 250, hurefuka karibu mita 1.8. Kesingi haina uhuru huo kwa sababu imeshikwa na saruji, ndiyo maana visima vya mvuke huhitaji maungio maalumu na saruji iliyochanganywa na unga wa silika wa asilimia 35 hadi 40, la sivyo saruji huchakaa ikipita nyuzi 110 hivi. Weka alama na upime kila zamu. Kichwa kikipanda kuliko kilivyozoea, au kisiposhuka kisima kikipoa, saruji imeachia au kesingi imekatika: funga, na vipimo vya saruji na kesingi vifanyike kabla ya mvuke mwingine.

Dalili: mafuta yameganda bombani, lakini API si ndogo

Hii nimeiweka kwa ajili ya wasomaji wa Uganda, Kenya na Tanzania. Mafuta ya Ziwa Albert na ya Lokichar Kusini huko Turkana yanaganda kwa sababu ya nta, na kanuni za mafuta mazito haziyahusu zote. Mafuta ya nta yakipashwa kidogo kupita joto la kuganda kwake hutiririka vizuri. Ndiyo maana bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki (EACOP) la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kwa ganda la kuzuia joto na mfumo wa kulipasha, mafuta yakae juu ya nyuzi 50. Hakuna haja ya boila ya mvuke kisimani.

Ukikuta yameganda, pima mambo mawili maabara: API na joto la kuganda. API ikiwa 30 na joto la kuganda nyuzi 40, tatizo ni nta. Kagua upashaji wa bomba na ganda lake, kisha dawa ya kuzuia nta, kisha ratiba ya kupitisha kifaa cha kukwangua. Bomba likiwa limesimama na kuganda kabisa, usiongeze shinikizo la pampu kulisukuma, wala usilipashe katikati ya sehemu iliyofungwa pande zote mbili. Mafuta yakitanuka bila pa kutokea hupasua bomba. Anzia kwenye ncha iliyo wazi, ukiwa na mhandisi wa bomba kando yako.